Kambi ya Bwawa Ikifungwa Mteja Wako Anaenda Wapi? Tumeenda Kidatu Kuangalia



Kuna meseji za aina moja zimekuwa zikiingia hapa kwenye ukurasa, na nyingi zinatoka Morogoro. Mtu anasema alikuwa anauza buti za kazi, simu za mkopo mdogo mdogo, vitenge vya wake wa mafundi, mafuta ya nywele, chochote kile, na wateja wake wakubwa walikuwa vijana walioajiriwa kwenye ujenzi wa Bwawa la Nyerere. Oda zilikuwa zinaingia kwa WhatsApp, hela inatumwa mapema, mzigo unapanda gari ya Kisaki au unatumwa kwa mtu anayeenda Fuga. Sasa ujenzi umeisha. Mitambo yote 9 imekamilika mwaka 2025, mafundi wamerudi kwao, na namba zile zile zilizokuwa zinajibu "nimetuma dada, angalia" siku hizi zina tiki moja ya kijivu.

Swali linalofuata ni lile lile kila mara: nifunge duka, nibadilishe bidhaa, au nisubiri?

Badala ya kujibu kwa kubahatisha tumeamua kwenda kuangalia mji ambao ulishapitia jambo hili miaka 50 iliyopita, ndani ya mkoa huo huo wa Morogoro. Kidatu.

Kutoka stendi ya Msamvu unachukua gari za Ifakara. Unaacha milima ya Uluguru mgongoni, unapita Doma, unaingia hifadhi ya Mikumi ambako barabara inakatiza katikati kwa kilomita kama 50, na dereva akiwa na akili timamu anapunguza mwendo kwa sababu faini ya kugonga mnyama si ya kitoto. Ukifika Mikumi mjini, kwenye njia panda, lori za Iringa na Mbeya zinaendelea na wewe unakata kushoto. Hapo hewa inabadilika. Unashuka, joto linapanda, na baada ya Kidodi miwa inaanza. Miwa kulia, miwa kushoto, mpaka unafika Mto Ruaha Mkuu. Ukivuka daraja umeiacha wilaya ya Kilosa, umeingia Kilombero, na milima ya Udzungwa imesimama mbele yako kama ukuta.

Huo ukuta ndo sababu ya kila kitu. Ruaha Mkuu unaanzia nyanda za juu kusini, unatembea taratibu kwenye bonde la Usangu, unapita Hifadhi ya Ruaha, halafu unalazimika kupenya kwenye korongo la Udzungwa ili ushuke bondeni. Wahandisi wakiona mto unashuka ghafla hivyo kwenye mwamba hawalali. Mwaka 1970 ujenzi ukaanza, kwa fedha zilizochangiwa na Sweden na Benki ya Dunia. Walijenga tuta lenye urefu wa mita 40 kwenda juu, wakachimba handaki la kilomita zipatazo 10 ndani ya mlima, na mitambo yenyewe wakaiweka chini ya ardhi. Mwaka 1975 umeme ukawaka. Awamu ya pili ikafuata kufikia mwaka 1980, jumla mitambo 4 ya megawati 51 kila mmoja, yaani megawati 204. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote nchini. Kwa wale wanaopenda kulinganisha: mtambo mmoja tu wa Bwawa la Nyerere ni megawati 235. Mmoja unaizidi Kidatu nzima.

Sasa fikiria upande wetu, upande wa biashara. Handaki la kilomita 10 halichimbwi na watu 50. Kazi kama ile inaleta wachimbaji, waseremala wa mbao za zege, madereva wa malori, wapishi, walinzi, makarani, na nyuma yao wanakuja wauza mihogo, mama lishe, mafundi cherehani, kinyozi, muuza sigara moja moja. Kambi ya ujenzi ni soko ambalo kila mtu ndani yake ana mshahara na hakuna hata mmoja mwenye shamba. Ukiwa muuzaji unaliona kama neema, na ni neema kweli. Ina kasoro moja tu: ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye mkataba ambao wewe hujausaini wala hujausoma.

Ila Kidatu haikufa. Leo ukishuka pale unakuta mji unahema. Maduka ya simu, mawakala wa hela kila baada ya hatua chache, boda zimejipanga, mitumba imetundikwa, na kelele za spika za ofa kama kawaida. Kituo cha umeme bado kipo kinafanya kazi, lakini kituo kilichokamilika kinahitaji watu wachache sana wa kukiendesha. Hao hawawezi kulisha mji. Ni nini basi kimeulisha?

Sukari, kwanza. Kiwanda cha Kilombero kilikuwa kimeshaanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya bwawa, na mwaka 1976 kikaongezwa kiwanda cha pili upande wa Kilosa, ng'ambo ya mto. Angalia hiyo miaka vizuri. Bwawa linawasha umeme 1975, kiwanda cha pili kinakuja 1976. Na miwa si ya kiwanda peke yake. Kuna maelfu ya wakulima wa nje, watu wa kawaida wenye ekari zao chache, wanaokatiwa miwa, inapimwa, wanalipwa. Kwa muuzaji hii ni tofauti kubwa sana na kambi. Fundi wa kambi analipwa na kampuni moja, siku moja, na akiondoka ameondoka. Mkulima wa miwa hana pa kwenda, shamba liko pale pale.

Pili ni reli, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hii habari naipenda. Njia ya Reli ya Kati inayochepuka Kilosa kupitia Mikumi ilifika Kidatu mwaka 1965. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, nayo ikapita hapo hapo. Reli mbili zinakutana mji mmoja, safi kabisa, ila haziunganiki: moja ina upana wa milimita 1,000 na nyingine milimita 1,067. Milimita 67! Kiganja cha mkono hakifiki. Kwa ajili ya hizo milimita 67 behewa haliwezi kuendelea, mzigo lazima ushushwe huku upandishwe kule, na mwaka 1998 kikafunguliwa kituo maalumu cha kuhamishia mizigo. Kila mahali mzigo unaposhushwa na kupandishwa kuna mtu analipwa, na mtu aliyelipwa ananunua. Kosa la vipimo likageuka kuwa ajira. (SGR mpya, ile iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, ina milimita 1,435. Kwa hiyo sasa tuna vipimo vitatu nchini, na wabeba mizigo wasihofu.)

Kwa hiyo Kidatu ilikuwa na bahati ya kuwa na vitu vitatu kwenye sehemu moja. Bwawa liliondoka na watu wake, viwili vikabaki.

Sehemu nyingine hazikuwa hivyo. Kihansi, ambako kuna kituo cha megawati 180 kilichokamilika mwaka 2000, kiko humo humo kwenye Udzungwa upande wa kusini zaidi. Hukuti pale mji wa kufanana na Kidatu. Wengi wanakijua Kihansi kwa ajili ya wale vyura wadogo wa njano waliochukuliwa kwenda Marekani kuokolewa baada ya maji ya maporomoko kupungua. Vyura walipandishwa ndege, wauza chapati walijitegemea. Mtera nako, mpakani mwa Dodoma na Iringa, bwawa kubwa la kuhifadhia maji yanayokuja kuendesha mitambo ya Kidatu: pale waliobaki walikamata samaki. Ukipita barabara ya Dodoma–Iringa utauziwa perege na kambale wa kukaanga dirishani kabla gari halijasimama. Bwawa lenyewe likawa bidhaa.

Na si kwetu tu. Marekani, jimbo la Arizona, kuna mji unaitwa Page, jangwani kabisa, juu ya korongo la mwamba mwekundu. Ulianzishwa mwaka 1957 kama kambi ya wajenzi wa bwawa la Glen Canyon. Kabla ya hapo palikuwa na mchanga na upepo. Bwawa lilipokamilika miaka ya 1960 wajenzi wakaondoka, mji ukaegemea kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichojengwa jirani, na hicho nacho kikafungwa mwaka 2019. Wamebaki na nini? Wageni. Watu wanatoka dunia nzima kwenda kupiga picha kwenye korongo jembamba la Antelope, lililo kwenye ardhi ya Wanavajo, na huingii bila mwongozaji. Picha hizo umeshaziona hata kama hujui jina: kuta za mwamba zilizopinda kama kitambaa, miale ya jua inaingia kutoka juu. Mji mzima unalala, unakula na unalipa kodi ya nyumba kwa sababu ya picha ambazo watu waliziona kwenye simu.

Nimelitaja hili kwa makusudi, maana ukitoka Kidatu ukaendelea na barabara ya Ifakara, chini ya saa moja unafika Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, hifadhi tangu 1992. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita zaidi ya 170. Kuna nyani wa Sanje ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 1979, na kuna mbega mwekundu wa Iringa, wote wa milima hii tu, huwapati kwingine duniani. Barabara ya lami imefika. Halafu nenda Instagram utafute wanaouza vikapu, asali, mchele wa Kilombero, au hata chai ya asubuhi kwa mgeni anayeshuka kutoka Sanje na njaa. Utahesabu kwa vidole. Kama uko Mang'ula au Kidatu na unasoma hii huku unauza nguo zile zile za Kariakoo ambazo kila mtu anauza, tafadhali inua macho uangalie mlima.

Turudi kwa wale wa meseji.

Bwawa la Nyerere liko kwenye Mto Rufiji, mpakani mwa Pwani na Morogoro Vijijini, kwenye korongo lililokuwa linaitwa Stiegler, jina la Mzungu aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Mpango wa kujenga bwawa pale ni wa zamani kuliko wengi wetu. Mamlaka ya kusimamia bonde la Rufiji, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, mwaka ule ule Kidatu ilipowasha, na mradi ukakaa kwenye makabati zaidi ya miaka 40 mpaka mkataba uliposainiwa Desemba 2018. Maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawasha mwanzoni mwa 2024. Kwa muuzaji wa Morogoro hesabu yake ni hii: soko la miaka kama sita. Aliyeanza kuuza 2019 alikula vizuri. Aliyekopa mtaji 2023 akajaza stoo ya buti za kazi ndiye tunayemwonea huruma leo.

Huyo tusimdanganye. Wateja wale hawarudi. Bwawa likishakamilika linaendeshwa na watu wachache, na Kidatu imetuonyesha hivyo. Kusubiri ni kupoteza kodi ya chumba. Buti ziuze hata kwa bei ya kununulia. Mafundi ujenzi wapo Morogoro mjini, Dodoma hawaishi, na wakata miwa wa Kilombero nao wanavaa buti.

Lakini angalia njia yenyewe uliyokuwa unapitishia mzigo. Morogoro mpaka Kisaki unazunguka Uluguru upande wa mashariki: Mkuyuni, Matombo, Mvuha. Miaka yote hiyo gari lako la mzigo lilikuwa linapita mbele ya watu wenye karafuu, pilipili manga, mdalasini, ndizi. Kisaki kwenyewe wanalima ufuta na mpunga, kuna stesheni ya TAZARA, na pembeni kuna Hifadhi ya Nyerere iliyotangazwa 2019. Hawa hawakuletwa na mkataba. Hela yao inakuja kwa msimu, haiji tarehe 30, na ndo maana wengi wetu tunawaona si wateja wazuri. Tumezoea mtu wa mshahara. Ukweli ni kwamba mtu wa msimu ananunua vitu vikubwa kwa mkupuo: godoro, sola, simu, baiskeli, bati. Kinachotakiwa ni wewe kujua msimu wake, sio yeye kujua ofa yako ya wikiendi.

Kidatu wanalijua hili bila kufundishwa. Kiwanda kinaanza kusaga miwa mnamo Juni na kinapumzika masika. Malipo ya miwa yakitoka mji unachangamka, kiwanda kikilala mji unapoa na madaftari ya mkopo yanafunguliwa. Sasa wewe uliye mbali unayetangaza kwenye mtandao unatuma tangazo la kulipia mwezi wa nne, mvua inanyesha, hela hakuna, halafu unasema Facebook imekula hela yako. Facebook imefanya kazi yake. Tangazo lilifika kwa mtu asiye na kitu mfukoni.

Jaribu zoezi hili leo jioni, halihitaji programu yoyote. Fungua WhatsApp, chukua oda 20 za mwisho zilizolipwa. Pembeni ya kila jina andika hela ya huyu mtu inatoka wapi. Usiandike "kazini". Andika nani anamlipa: halmashauri, kiwanda fulani, shamba lake, mume aliye Mererani, abiria wake wa boda. Ukikuta 12 kati ya 20 mwisho wa mstari wanarudi kwa mlipaji mmoja, basi wewe una mteja mmoja, hata kama namba za simu ni 12. Na kama huyo mlipaji ni mradi wa ujenzi, iwe barabara, reli au bomba, tafuta kwenye habari unatarajiwa kukamilika lini, uandike tarehe hiyo ukutani karibu na kalenda.

Jambo la mwisho ni la wale ambao mmeshaanza kuchungulia soko la Kidatu, maana najua mtauliza. Mizigo ya huku inapotea kwa sababu ya majina kuliko kwa sababu ya wizi. Mteja akisema yuko "Ruaha", muulize Ruaha ipi. Kuna Ruaha hii ya darajani, karibu na Kidatu, na kuna Ruaha Mbuyuni, ile ya vitunguu, iliyo barabara ya Iringa. Zote gari lake linapitia Mikumi, na konda akiona "Ruaha" kwenye mfuko anatupia upande wowote. Akisema "Mkamba" vivyo hivyo: Mkamba ya Kilombero iko hapo hapo kwenye kiwanda cha sukari, Mkamba nyingine iko Mkuranga, mkoa wa Pwani. Kidodi na Kidatu, kwa mwandiko wa haraka wa kalamu ya wino, ni neno moja. Andika hivi: jina la mteja, namba yake mbili za simu, "KIDATU, KILOMBERO, gari za IFAKARA", pande zote mbili za mfuko, kwa herufi kubwa. Piga picha ya mfuko ukiwa umeandikwa na picha ya ubavu wa gari ionekane namba, mtumie mteja zote mbili kabla gari halijatoka Msamvu. Na mwambie mapema kwamba simu ya konda ikiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi inaweza isipatikane kwa muda, asije akakuita tapeli saa sita mchana wakati mzigo wake uko katikati ya pundamilia.